Ngao kwenye bango la shule: heshima ya nembo inatoka wapi?

Kila mwaka, Septemba inapokaribia, kuta za Lubumbashi hujaa mabango ya shule na vyuo. Kutoka Kampemba hadi Katuba, mabango mengi hubeba ngao: kitabu kilichofunguliwa, mwenge, nyota, kichwa cha chui, na chini yake utepe wa maneno ya Kilatini. Mzazi anayetafuta mahali pa kulipa minervali, yaani ada ya shule, huitazama ngao hiyo akaona sura ya vyuo vikubwa vya Marekani. Wengine hudhani kwamba ngao imetolewa na Serikali, kwa hiyo shule imekwisha kukaguliwa. Wengine husema huku ni kuwaiga Wazungu, na kwamba shule ya Katanga ingepaswa kubeba msalaba wa shaba badala ya simba wa Ulaya.

Maoni hayo matatu yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalotosha. Swali lililo chini yake ni moja: nembo ya shule hupata wapi heshima yake? Je, ni kwa mamlaka iliyoitoa, kwa uhuru wa shule kujichagulia, au kwa udongo ambako shule imesimama? Ili kujibu, ni lazima kwanza tutenganishe vitu vinavyochanganywa, kisha tufuate njia ambayo ngao hizi zilipitia hadi Katanga, ndipo tupime kila msimamo.

Vitu vitatu vinavyochanganywa

Shule inaweza kuwa na alama tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni muhuri, unaothibitisha hati: diploma, barua ya utawala, mkataba. Ya pili ni nembo ya ngao, inayotambulisha jumuiya kwenye bendera, majoho, lango na sherehe. Ya tatu ni alama ya matangazo, ile inayowekwa kwenye simu, fulana na mabango, na ambayo inaweza kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa bila hati yoyote kupoteza nguvu.

Mchanganyiko wa alama hizi si ugonjwa wa Lubumbashi peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2012, Chuo Kikuu cha California kilitangaza alama mpya nyepesi kwa ajili ya matangazo. Watu waliamini kwamba muhuri wao wa zamani, wenye kitabu na maneno yanayoamuru nuru iwepo, umetupwa. Utawala ulieleza kwamba muhuri ungebaki kwenye diploma, lakini maelezo hayo hayakusikika. Watu zaidi ya 50,000 walitia saini malalamiko, na Desemba hiyohiyo alama mpya ikaondolewa. Funzo lake ni kwamba shule isiyowaeleza watu tofauti ya alama zake itavunja imani yao hata pale isipokuwa na kosa.

Ngao zilivyofika Amerika

Nembo za ngao zilianza Ulaya katika karne ya 12, kwa wapiganaji waliohitaji kutambulika wakiwa wamefunikwa chuma usoni. Baadaye miji, maaskofu na vyuo vikazichukua. Pamoja nazo zikaja kanuni. Iliyo kuu inahusu rangi: njano na nyeupe huhesabiwa kuwa madini, yaani dhahabu na fedha, ilhali nyekundu, buluu, nyeusi na kijani ni rangi. Rangi hailali juu ya rangi, wala madini juu ya madini. Kanuni hiyo haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Iliwekwa ili nembo isomeke kwa mbali, na hadi leo ndiyo sababu ngao nzuri huonekana wazi kwenye bango la barabarani.

Nchini Uingereza, chombo cha kifalme ndicho kinachotoa nembo. Mwaka 1694 chombo hicho kilikipa nembo Chuo cha William and Mary, katika koloni la Virginia: uwanja wa kijani, jengo la chuo la fedha, na jua la dhahabu likichomoza juu yake. Vyuo vingine vingi vya Marekani havikupita njia hiyo. Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilikuwa na mchoro wa ngao wa miaka ya 1640 wenye vitabu vitatu na neno la Kilatini linalomaanisha ukweli. Mchoro huo ulilala ndani ya kumbukumbu za chuo hadi mwaka 1836, pale rais wake Josiah Quincy alipoufufua wakati chuo kikitimiza miaka 200. Hivyo ngao inayodhaniwa kuwa imevaliwa bila kukatika tangu mwanzo ilikaa karibu karne mbili bila kutumika.

Baada ya uhuru Marekani haikuunda mamlaka ya kutoa nembo kwa raia na shule zao. Taasisi ya nembo iliyo chini ya jeshi, yenye muundo wake wa sasa tangu 1960, huhudumia majeshi na ofisi za serikali kuu. Chuo cha kawaida hujichagulia, kisha hutafuta ulinzi katika sheria ya alama za biashara ya mwaka 1946. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyuo vingi vilikuwa na haraka ya kuonekana vya kale, na wabunifu wachache wakapata kazi kubwa. Mmoja wao, Pierre de Chaignon la Rose, alikichorea Chuo Kikuu cha Chicago ndege wa feniksi anayefufuka kutoka kwenye moto. Ndege huyo alikuwa na maana mahali pale: jiji la Chicago liliungua mwaka 1871, na chuo cha kwanza chenye jina hilo kilifungwa mwaka 1886 kabla hiki cha sasa hakijaanzishwa mwaka 1890.

Njia tatu za kuingia Katanga

Ngao na nembo za shule ziliingia Katanga kwa milango mitatu. Wa kwanza ni Wakatoliki. Wasalesiani walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, na shule yao ya wavulana ndiyo mama wa Institut Imara ya leo. Shirika lao lina nembo tangu mwaka 1885: nanga, nyota, moyo unaowaka, Mtakatifu Fransisko wa Sales, msitu na milima. Msitu unakumbusha jina la mwanzilishi wao, Don Bosco, kwani bosco kwa Kiitaliano ni msitu.

Mlango wa pili ulitoka Marekani moja kwa moja. Wamethodisti wa Kimarekani, akiwemo John McKendree Springer, walianza kazi Katanga katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na Mulungwishi ikawa kituo chao kikubwa cha elimu. Mwaka 1968 kanisa lao liliungana na kanisa jingine huko Marekani, likachukua alama ya msalaba wenye mwali wa ndimi mbili, ambazo ni ishara ya makanisa mawili yaliyokuwa kitu kimoja. Alama hiyo si ngao, wala haikutoka kwa mfalme yeyote. Hata hivyo, kwa waumini wa Lubumbashi inajulikana kuliko ngao ya Harvard.

Mlango wa tatu ni dola. Chuo kikuu chetu kilifunguliwa mwaka 1956 kama chuo rasmi cha Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Mwaka 1971 kiliunganishwa na Lovanium cha Kinshasa na chuo cha Kiprotestanti cha Kisangani kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1981 vikatenganishwa, na Lubumbashi kikapata jina kilicho nalo sasa. Jina lilibadilika kila utawala wa elimu ulipobadilika, na jina likibadilika, muhuri hauwezi kubaki uleule. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na vyuo vikongwe vya Marekani. Kule ngao ilipata muda wa kuzoeleka. Huku siasa haikuipa muda huo.

Msimamo wa kwanza: nembo itolewe na mamlaka

Wenye msimamo huu wanasema nembo isiyotolewa na mamlaka ni picha tu. Mfano wa karibu ni nchi ya Kenya, ambayo mwaka 1968 ilitunga sheria ya kuanzisha chombo chake cha kutoa nembo. Afrika Kusini nayo ina ofisi ya aina hiyo, iliyotokana na sheria ya mwaka 1962.

Nguvu ya msimamo huu ni daftari. Penye daftari, shule mbili haziwezi kubeba nembo moja, mgogoro una mwamuzi, na maelezo ya maana ya kila sehemu yanahifadhiwa hata waasisi wakifa. Katika mji ambao shule binafsi zinaongezeka kila mwaka, hilo si jambo dogo.

Udhaifu wake ni huu: Kongo haina chombo cha namna hiyo. Kuomba nembo ng'ambo ni gharama, na ni kumwomba mgeni athibitishe heshima yetu. Kuunda ofisi mpya Kinshasa nako kunaweza kuongeza foleni na ada nyingine kwa shule ambayo bado inahangaikia madawati. Tena, mamlaka ya nembo huthibitisha mchoro. Haithibitishi kwamba kuna maabara, vitabu au walimu wanaolipwa. Mzazi akidhani vinginevyo, mamlaka hiyo itakuwa imeongeza mchanganyiko.

Msimamo wa pili: kila shule ijichagulie

Huu ndio utaratibu wa Marekani, na ndio tunaoufuata hapa bila kuutaja. Faida yake ni wepesi. Shule ya Kampemba yenye madarasa sita inaweza kuwa na nembo kabla ya mwezi kwisha. Uhuru huo pia huruhusu kusahihisha makosa ya zamani, na mfano mkubwa ni Shule ya Sheria ya Harvard. Mwaka 1937 ilichukua ngao yenye miganda mitatu ya ngano, iliyotoka kwa ukoo wa Isaac Royall, ambaye wasia wake ulianzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa sheria pale. Utajiri wa ukoo huo ulitoka kwenye kazi ya watumwa kisiwani Antigua. Mwaka 2015 wanafunzi walidai ngao hiyo iondoke, Machi 2016 uongozi wa chuo ukakubali, na mwaka 2021 ikachukuliwa ngao mpya yenye maneno ya Kilatini ya sheria na haki. Hakuna mfalme aliyeombwa ruhusa. Jumuiya yenyewe ilijadiliana, ikaamua.

Lakini kisa hichohicho kinaonyesha udhaifu. Ngao ilichukuliwa kwa sababu ilikuwa nzuri na ya kale, bila kuuliza ilibeba nini, na ikachukua karibu miaka 80 kuondolewa. Uhuru bila utafiti huzaa deni ambalo wajukuu hulilipa.

Udhaifu wa pili ni udanganyifu. Pasipo daftari, mlaghai naye anaweza kuchora ngao. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiuza diploma za vyuo visivyokuwepo kupitia intaneti, kwa majina yaliyofanana na ya vyuo vya Marekani na kurasa zenye picha za kuvutia. Ngao hufanya kazi ya mlaghai kuwa rahisi, kwa sababu mteja amekwisha kufundishwa kuamini kwamba penye ngao pana chuo.

Msimamo wa tatu: alama ya nyumbani

Kundi la tatu linasema tuache simba ambaye Katanga haikumfuga katika nembo zake, tuchukue alama zetu. Alama hizo zipo, na zina uzito. Msalaba wa shaba, handa, ulisubuliwa katika nchi hii karne nyingi kabla ya Mbelgiji kufika. Makaburi ya kale ya bonde la Upemba yametoa misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Ubao wa lukasa wa Waluba, uliopambwa kwa shanga na simbi, ulisomwa kwa vidole na watu wa chama cha Mbudye ili kukumbuka historia ya wafalme na safari zao. Ni vigumu kupata alama inayofaa zaidi kwa shule: lukasa ni chombo cha kumbukumbu, na anayekisoma lazima awe amefundishwa.

Msimamo huu una nguvu nyingine kutoka kwa dola zenyewe. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya kwanza, inaeleza nembo ya taifa kuwa kichwa cha chui kati ya pembe ya ndovu na mkuki, vyote vikiwa juu ya jiwe. Haina ngao ya Ulaya hata kidogo, na hakuna anayesema si nembo halali. Tanzania na Kenya zilichukua ngao, lakini zikachora ngao ya Kiafrika, na kaulimbiu zao ni za Kiswahili. Vyuo vikuu vya kanda hii navyo vinafundisha jambo. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, vikazaliwa vyuo vitatu huru. Leo kaulimbiu ya Makerere ni ya Kiingereza, ya Nairobi ni ya Kilatini, na ya Dar es Salaam ni ya Kiswahili: Hekima ni Uhuru. Hakuna kati ya vyuo hivyo kilichoheshimiwa zaidi au kudharauliwa kwa sababu ya lugha ya utepe wake, lakini ni kaulimbiu ya Dar es Salaam pekee ambayo mzazi mkulima aliyefika mahafali anaisoma na kuielewa pale pale.

Udhaifu wa msimamo huu hauna budi kusemwa waziwazi. Katika Katanga alama za nyumbani hazikukaa nje ya siasa. Misalaba mitatu ya shaba iliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitenga kati ya Julai 1960 na Januari 1963. Mwaka 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji yetu ya migodi. Kwa mzazi aliyepitia hayo, misalaba mitatu iliyopangwa kama kwenye bendera ile inaweza kumwambia kwamba mtoto wake si wa hapa, hata kama mchoraji alikusudia kusifu ustadi wa wafua shaba wa kale. Lukasa nayo si mali ya kila mtu. Ilikuwa kitu cha chama chenye miiko, na kuichora bila kuwauliza wenyewe ni uporaji. Kuwa alama ni ya nyumbani hakutoshi kuifanya iwe ya wote.

Kupima: kinachopatikana na kinachopotea

Tukiweka misimamo mitatu pamoja, tunaona kwamba kila mmoja unajibu swali lake. Mamlaka inajibu ni nani mwenye nembo. Uhuru unajibu ni nani anayeamua. Alama ya nyumbani inajibu nembo inasema nini. Shule inahitaji majibu yote matatu, na mgogoro wetu unatokana na kudhani kwamba jibu moja linamaliza mengine.

Kuhusu umiliki, hatulazimiki kungoja ofisi ya nembo. Sheria ya mali ya viwanda Na. 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 ilikwisha kufungua mlango wa kusajili alama. Usajili huo hauna fahari ya hati ya kifalme, lakini unatoa tarehe na jina la mwenyewe, na hicho ndicho mahakama huuliza. Hasara yake ni ada na safari za ofisini, jambo ambalo shule ndogo huliahirisha hadi jirani anapowahi. Nembo ya taifa iachwe: chui mwenye pembe na mkuki ni wa Jamhuri, na shule binafsi inayomwiga inawafanya wazazi wadhani ni ya Serikali.

Kuhusu uamuzi, kisa cha Harvard kinaonyesha kwamba nembo inayoamuliwa na wachache ofisini hubomolewa na wengi uwanjani. Kushirikisha walimu, wazazi na wahitimu huchukua muda, na mara nyingi huleta mchoro uliojaa kila kitu ili kila mtu aridhike. Dawa yake ni kuiachia jumuiya maana na kumwachia fundi mchoro.

Kuhusu ujumbe na sura, kanuni za kale za ngao zina faida ambayo wapenzi wa alama za nyumbani hawapaswi kuitupa. Rangi mbili au tatu zinazopingana, vitu vichache na vikubwa: hayo si mambo ya Ulaya, ni mahitaji ya jicho. Nembo ya shule ya Lubumbashi itachongwa kwenye kashe ya mpira, itapigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na itadariziwa kwenye mfuko wa shati. Nembo ya rangi saba yenye globu, kompyuta, njiwa na kitabu itageuka doa jeusi kwenye kashe, na kumgharimu mzazi zaidi kwenye shati.

Shati lenyewe linahitaji mawazo. Kwa kuwa wanafunzi wa nchi nzima huvaa nyeupe na buluu, nembo ndiyo inayotofautisha shule na shule. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya shule kushindana kwa ngao. Nembo humsaidia mtoto kujulikana akipotea, na humfanya ajitambue kuwa wa mahali fulani. Lakini pale shule inapolazimisha mashati yauzwe ofisini kwake pekee, nembo inageuka ada iliyofichwa. Njia ya haki ni kuuza kitambaa cha nembo peke yake, kwa bei ya gharama, mzazi akishone mwenyewe.

Muhtasari na hukumu

Ngao kwenye bango haithibitishi kwamba shule imetambuliwa. Kinachothibitisha ni kibali cha Serikali, na mzazi ana haki ya kuomba nambari na tarehe ya kibali hicho kabla ya kulipa senti moja. Kwa chuo kinachodai kuwa cha Marekani, aulize ni chombo gani cha ithibati kinachokitambua, kisha alitafute jina la chuo hicho kwenye orodha ya chombo chenyewe.

Vyuo vya Marekani navyo havikupata heshima kwa ngao. Harvard kiliishi karibu miaka 200 bila kuitumia ile inayoigwa leo, na Chicago kilichagua feniksi kwa sababu moto wake ulikuwa wa kweli. Anayetaka kuiga Marekani aige hilo: nembo ifuate maisha ya shule, isiyatangulie.

Kwa shule za Lubumbashi, njia bora ni ya kuchanganya kwa nidhamu. Tuchukue kwa Wazungu kanuni ya uwazi wa rangi, kwa Wamarekani uhuru wa kuamua na wa kusahihisha, kwa Wakenya mazoea ya kuandikisha, na kwa wazee wetu alama zenye maana, baada ya kuomba ruhusa kwa wenyewe na kupima nani ataumia. Kaulimbiu iwe katika lugha ambayo mama wa mwanafunzi anaielewa. Muhuri ulindwe chini ya funguo, nembo isajiliwe, na alama ya matangazo isipewe kazi isiyo yake. Viongozi wa shule, anzeni mwaka huu na jambo moja: andikeni ukurasa mmoja unaoeleza maana ya nembo yenu na nambari ya kibali chenu, kisha uwekeni langoni ambapo kila mzazi atausoma.